Urea inapoozesha maji, chokaa inayachemsha, na zote zinajiendea zenyewe. Nani hasa anaamua mmenyuko utokee?

Shamba Darasa #1
Habari wakuu. Naomba wataalam wa kemia mnisaidie hapa. Nikiyeyusha urea kwenye ndoo ya kupulizia mahindi ndoo inakuwa ya baridi kabisa, nikizidisha urea mpaka kwa nje inatoa jasho. Sasa juzi kwa jirani anayejenga wamemwagia maji chokaa iliyotoka kwenye tanuu, aisee, ilikaa kimya kidogo afu ikaanza kutoa mlio, mvuke ukapanda, mabonge yakapasuka yenyewe yakawa unga na maji yanatokota bila moto. Shule tuliambiwa mmenyuko unatokea kwa sababu vitu vinatafuta kushuka kwenye nishati ndogo. Kwa chokaa nakubali, imetoa joto, imeshuka. Ila urea inanyonya joto la maji, maana yake inapanda, na hakuna aliyeilazimisha. Kipi kinaamua?

Mpita Njia #2
Urea inayeyuka tu mkuu, hamna mmenyuko hapo, ukikausha maji unaipata urea yako vilevile. Hiyo ni mabadiliko ya hali, usichanganye na kemia ya chokaa ambapo kitu kipya kinazaliwa.

Kemia Advansi #3
Mpita Njia hoja yako haimsaidii mtoa mada, maana ipo mimenyuko kamili ya kemikali inayopoa. Chukua baikaboneti ya jikoni changanya na juisi ya ndimu, povu la kaboni dayoksaidi linatoka, kitu kipya kimezaliwa, na ukitia kidole utasikia kimiminika kimekuwa baridi. Kwahiyo swali lipo palepale.

Na hilo swali sio jepesi, liliwasumbua wakubwa. Karne ya 19 Julius Thomsen wa Denmark na baadaye Marcellin Berthelot wa Ufaransa walishikilia kwamba mmenyuko unaojiendea ni ule unaotoa joto, basi. Joto hilo tukilipima kwenye presha isiyobadilika ndio badiliko la enthalpi, alama yake ΔH, likitoka nje tunaandika hasi, likinyonywa chanya. Chokaa na maji ni kama hasi 65 kilojuli kwa moli (moli ni idadi maalum ya chembe ambayo wanakemia wanahesabia). Urea kuyeyuka ni chanya 15 hivi. Kwa kanuni ya kina Thomsen urea isingeyeyuka kabisa, na mahindi ya mtoa mada yangekosa mbolea. Kilichokosekana ni entropi.

Kipanga99 #4
Entropi ni vurugu. Dunia inapenda vurugu. Punje ya urea imepangika vizuri, ikiyeyuka molekuli zinatawanyika kila mahali, vurugu imeongezeka, ndio maana inakubali hata kulipia joto. Uzi ufungwe 😀

Shamba Darasa #5
Kipanga usifunge uzi mapema bana. Chokaa ilimeza maji ikawa unga mkavu, maji yaliyokuwa yanazunguka huru yamefungwa ndani ya unga. Hapo vurugu imepungua mbona na bado imeenda kwa fujo vile?

Mzee wa Tanuu #6
Assalamu alaykum vijana. Mimi hesabu zenu sizijui lakini chokaa naijua, nimeichoma huku kwetu kisiwani tangu ujanani. Niwaeleze inavyokwenda ili msije mkabishana juu ya kitu msichokiona. Magogo yanapangwa duara, marefu chini mafupi juu, katikati panaachwa tundu la kutilia moto, kisha mawe ya matumbawe yanarundikwa juu yake, makubwa kwanza madogo baadaye. Ukishatia moto huugusi tena, magogo yanakwisha na mawe yanashuka pamoja nayo. Asubuhi yake jiwe likishapoa ukiliinua utalistaajabia, ni lilelile kwa umbo ila jepesi, ukiligonga linalia tofauti. Ukilimwagia maji linafanya hayo aliyoyasema bwana Shamba. Na sisi hatuitumii siku hiyo, inaachwa ikae na unyevu, wiki hata miezi, ndipo fundi aipake ukutani. Siku yenye upepo mzuri chokaa inaiva vizuri kushinda siku ya upepo kufa. Hilo la upepo nimelisema makusudi, nataka mnieleze nyinyi mliosoma.

Nyota ya Kusini #7
Shikamoo mzee. Hapo kwenye wepesi naweza kusema kitu. Jiwe ni kalisiamu kaboneti, kila gramu 100 safi zikiiva sawasawa zinabaki 56, zile 44 zimeondoka hewani kama kaboni dayoksaidi.

Kemia Advansi #8
Asante mzee kwa maelezo. Ngoja nijibu la Shamba Darasa kwanza afu upepo.

Entropi ya chokaa yenyewe ikikutana na maji kweli inashuka, kama hasi juli 26 kwa kila kelvini kwa moli. Kipanga angeangalia hapo tu angesema haiwezekani. Lakini lile joto la kilojuli 65 halikupotea, limekwenda kwenye ndoo, hewa, mikono ya mafundi, na mazingira yakipokea joto entropi yake inapanda. Inapanda kiasi gani? Gawa joto kwa halijoto ya kelvini (nyuzi za kawaida jumlisha 273, kwahiyo nyuzi 25 ni 298): 65,000 gawanya 298 unapata kama 218. Toa 26, jumla ya ulimwengu mzima imepanda kama 192. Imejiendea.

Urea ni kinyume chake. Mazingira yamepoteza joto kwahiyo entropi yao imeshuka kama 50, ila urea yenyewe ikitawanyika inapata kama 70. Jumla bado chanya. Imejiendea nayo.

Sheria ni moja kwa zote mbili, na Josiah Willard Gibbs kule Yale miaka ya 1870 aliiweka kwa namna ambayo huhitaji kupima mazingira: ΔG ni ΔH toa T mara ΔS, ambapo ΔG ni badiliko la nishati huru, T ni halijoto ya kelvini na ΔS ni badiliko la entropi ya kitu chenyewe. Ikiwa hasi mmenyuko unaruhusiwa.

Mama Sabuni #9
Nimepita kusoma tu ila hapo kwenye "ikiyeyuka vurugu inaongezeka" nimeguswa. Mimi natengeneza sabuni, kostiki nikiitia kwenye maji ndoo haishikiki, tena sheria ya kwanza ninayomwambia kila binti ninayemfundisha ni kostiki ndani ya maji, usimwage maji juu ya kostiki, itakurukia usoni. Sasa hii nayo inayeyuka tu kama urea, mbona moja moto moja baridi?

Kemia Advansi #10
Dada hiyo ni mifano miwili bora kuliko ya vitabuni. Kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, kuyeyuka inatoa kama kilojuli 44 kwa moli. Ukiweka kwa kilo inakuja karibu megajuli 1.1, karibu sawa kabisa na kilo ya chokaa ya mzee. Joto hilo linatosha kupeleka lita 3 za maji kutoka nyuzi 25 hadi kutokota. Ndio maana ukimwaga maji kidogo juu ya kostiki nyingi yanachemka papo hapo na kuruka.

Na cha kumchokoza Kipanga: entropi ya kostiki ikiyeyuka INASHUKA. Hasi 16 hivi.

Kipanga99 #11
Haiwezekani. Kitu kigumu kimekuwa kimiminika, chembe zimetawanyika, vurugu ishuke kivipi? Nipe sababu sio namba.

Ticha wa Zamu #12
Sababu ni maji yenyewe. Chembe ya sodiamu ina chaji na ile ya haidroksaidi ina chaji, kila moja inajizungushia molekuli za maji na kuzishikilia kwa mpangilio. Chembe zimepata uhuru, maji yaliyokuwa huru yamepoteza. Kwenye urea hakuna chaji ya namna hiyo, kwahiyo maji hayabanwi sana. Kalisiamu kloraidi ni kali zaidi maana kalisiamu ina chaji mbili, nayo inatoa joto vilevile. Ndio maana mimi darasani neno vurugu nimeacha kulitumia kabisa. Mwanafunzi anaangalia kwa macho, anaona kigumu kimeyeyuka anaandika entropi imepanda, anakosa maksi.

Kule Marekani alikuwepo profesa mmoja wa kemia, Frank Lambert, alipigania miaka mingi waandishi wa vitabu waliondoe hilo la vurugu, akitaka tuseme nishati inasambaa. Nishati ikiwa imerundikana mahali na hakuna kizuizi, inasambaa. Joto la chokaa limesambaa. Mimi nafundisha hivyo.

Fundi Friji #13
Mwalimu kwenye kusambaa mimi ninaona tatizo. Urea imevuta nishati kutoka kwenye maji ikaingia kwenye kuvunja vifungo, hapo nishati imesambaa au imekusanyika?

Ticha wa Zamu #14
Imesambaa kwenye nafasi kubwa zaidi, molekuli za urea sasa zinatembea kwenye ndoo nzima.

Fundi Friji #15
Hayo ndio maneno ya kuokolea hoja mwalimu, ukitaka utasambaza ukitaka utakusanya 😂 Mimi naamini mizani ya Kemia Advansi ya huku imeshuka huku imepanda. Kazi yangu ni barafu, nitawaonyesha kwa barafu. Maji yakiganda yanatoa joto juli 6,010 kwa moli na yenyewe yanapoteza entropi 22. Friza ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri ni kelvini 268, mazingira yanapata 6,010 gawanya 268, ni 22.4. Imezidi 22, yanaganda. Sasa chumba kikiwa nyuzi 5 juu ya sifuri ni kelvini 278, mazingira yanapata 21.6 tu, haifiki 22, hayagandi. Na pale sifuri kamili, 6,010 gawanya 273 ni 22 kwa 22, barafu na maji vinakaa pamoja hakuna anayemshinda mwenzie. Hakuna cha vurugu wala kusambaa, ni kugawanya tu.

Shamba Darasa #16
Duh hii ya barafu imeniingia. Kumbe joto lilelile moja lina thamani kubwa pakiwa na baridi na thamani ndogo pakiwa na joto.

Fundi Friji #17
Hapohapo. Na ndio maana mzee lazima awashe moto.

Kemia Advansi #18
Naam tuje kwa mzee. Jiwe kugeuka chokaa linanyonya kilojuli 178 kwa moli, na linapata entropi 160 kwa sababu gesi inazaliwa. Kwenye baridi ya kawaida 178,000 gawanya 298 ni kama 597, mazingira yanapoteza mara nyingi kuliko linachopata jiwe, haliendi ng'o, ndio maana mawe ya kuta za Kilwa hayajiachii gesi yenyewe. Tafuta halijoto ambayo mizani inalingana: 178,300 gawanya 160.5 unapata kelvini 1,111, yaani nyuzi 838 hivi. Juu ya hapo jiwe lenyewe linataka kuachia gesi.

Na upepo: hesabu hiyo ni pale ambapo jiwe limezungukwa na kaboni dayoksaidi tupu ya presha ya kawaida ya hewa. Upepo ukiifagia, gesi ina nafasi ya kutawanyika zaidi, entropi inayopatikana inazidi 160, kwahiyo kizingiti kinashuka. Ukifanya hesabu kwa hewa ya kawaida tunayovuta, yenye kaboni dayoksaidi ya asilimia 0.04, kizingiti kinakuja karibu nyuzi 520.

Mzee wa Tanuu #19
Ahsante mwanangu. Lakini nyuzi 520 sizikubali, mawe yaliyokaa pembeni ambako moto ni hafifu yanatoka na kiini kibichi ndani. Tunayarudisha tanuu lijalo.

Nyota ya Kusini #20
Mzee uko sahihi na Advansi yuko sahihi. Gibbs anasema ruhusa ipo, hasemi itachukua muda gani. Makaa kwenye gunia yana ruhusa ya kuungua tangu siku yaliyochomwa, kilojuli karibu 394 kwa moli, na yamekaa stoo mwaka mzima hayajawaka. Almasi nayo ina ruhusa ya kugeuka grafati na hakuna aliyeiona ikigeuka kidoleni. Kwenye nyuzi 520 jiwe linaachia polepole mno, na gesi ya katikati ya jiwe haifikiwi na upepo, pale ndani imejibana. Ndio maana viwanda vinapandisha hadi 900 na kuendelea. Kwa mtazamo wangu huu uzi wote unaongelea ruhusa tu, wakati jibu la swali "kipi kinaamua" kwa vitu vingi ni kasi.

Kipanga99 #21
Sasa hapa tumetoka kwenye mada. Mtoa mada kauliza kwanini urea inaenda, sio inaenda kwa spidi gani.

Nyota ya Kusini #22
Ameuliza nani anaamua mmenyuko utokee. Makaa hayatokei. Soma kichwa cha uzi.

Mpita Njia #23
Wazee wa kubishana mpo vizuri. Chokaa gunia shilingi ngapi huko visiwani?

Mzee wa Tanuu #24
Njoo inbox bwana. Na wenye kuchoma huko tafadhalini chomeni mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale yaliyo hai baharini yaacheni, samaki wanazaliana humo.

Mwanahesabu wa Pwani #25
Nimefika nimechelewa lakini kuna kitu hamjakiunganisha na kinanikera mkikiacha. Angalieni safari nzima ya lile jiwe. Tanuuni linakula +178. Likimwagiwa maji linarudisha 65. Likipakwa ukutani, miezi na miaka linavuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kuachia maji, linageuka jiwe tena, na hapo linatoa 113. Jumlisheni: 178 toa 65 toa 113 ni SIFURI. Limeanza kalisiamu kaboneti limeishia kalisiamu kaboneti, na Germain Hess aliisema sheria hii mwaka 1840, njia haijalishi, unahesabu ulipoanzia na ulipofikia. Entropi hivyohivyo: 160 toa 26 toa 134, sifuri.

Maana yake joto la magogo ya mzee lililoingia kwenye jiwe, zaidi ya theluthi moja linatoka pale maji yanapotokota, na lililobaki linatoka ukutani kidogokidogo bila mtu kulihisi. Ukuta mpya wa chokaa Mji Mkongwe bado unalipa joto la tanuu. Mimi hili nikiliwaza napata raha sana.

Shamba Darasa #26
Aisee 🙌 hiyo ya sifuri nimeirudia kwenye karatasi imetoka kweli. Lakini kama jiwe limerudi palepale enthalpi sifuri na entropi sifuri, magogo yameenda wapi?

Mwanahesabu wa Pwani #27
Jiwe limerudi, magogo hayajarudi. Yamekuwa gesi, mvuke na joto la hewa. Entropi ya ulimwengu imepanda kwa upande wa magogo, jiwe limepita katikati tu.

Kipanga99 #28
Nimefanya hesabu nikakuta kitu. Chokaa iliyozimwa na maji, ukitaka kuirudisha kavu tena, 65,000 gawanya 26 ni kelvini 2,500. Yaani haiwezekani kwa moto wa kuni.

Kemia Advansi #29
Hapana Kipanga, namba 26 ni ya maji ya kimiminika. Kwenye halijoto hiyo hakuna maji ya kimiminika, unapata mvuke, na mvuke una entropi kubwa sana. Kwa mvuke joto linalohitajika ni 109 na entropi ni kama 143, kizingiti ni kelvini 760, kama nyuzi 490. Maabara inaonekana karibu na nyuzi 500 na kidogo. Moto wa kuni unaweza kabisa.

Ticha wa Zamu #30
Jamani nawapa jaribio la leo usiku, halihitaji maabara. Chukua mpira wa manati, upana wa kidole, uguse mdomo wa juu ambapo ngozi inahisi haraka. Uvute kwa nguvu ghafla uuguse tena: ni wa moto. Ukae nao umevutwa mpaka upoe, uachie ghafla, uguse: ni wa baridi. Mpira ukijivuta kurudi unanyonya joto kama urea. Nyuzi za mpira zikivutwa zinanyooka, zikiachiwa zina namna nyingi sana za kujikunja. Nguvu ya manati karibu yote inatokana na entropi.

Mwanahesabu wa Pwani #31
Na hapo mwalimu umejipinga mwenyewe maana hujasema nishati inasambaa, umesema NAMNA NYINGI. Hiyo ndio ya Ludwig Boltzmann, kaburini kwake Vienna pamechongwa S = k log W, S ni entropi, k ni namba isiyobadilika, na hiyo W ni idadi ya namna. Hakuna vurugu hakuna kusambaa, kuna kuhesabu. Urea kwenye maji ina namna nyingi kuliko urea kwenye punje, na chembe za kostiki pamoja na maji yao waliyoyashika zina namna chache kidogo. Basi.

Ticha wa Zamu #32
Kuhesabu nani amehesabu? Kwenye ndoo ya Shamba Darasa utazihesabuje? Namba zote za entropi alizotoa Advansi zimepatikana kwa kupima joto, kuanzia karibu na sifuri kelvini kwenda juu, gawanya kwa T hatua kwa hatua. Ni nishati na halijoto tu. Rudolf Clausius alipoitambulisha entropi 1865 hakuhesabu namna yoyote.

Mama Sabuni #33
Mimi nimejaribu mpira, kweli jamani, unapata moto! Watoto wote wameng'ang'ania.

Sasa na mimi nina la kuuliza. Mafuta na maji hayachanganyiki. Kama kila kitu kinataka kutawanyika na kupata namna nyingi, mafuta kwanini yanajikusanya juu? Nikitia sabuni ndio yanakubali.

Kipanga99 #34
Hilo ni la enthalpi hilo. Mafuta yanapendana yenyewe kwa yenyewe, maji yanapendana yenyewe, kila mtu kwao.

Kemia Advansi #35
Hapana, wakipima wanakuta joto linalohusika kwenye halijoto ya kawaida ni dogo sana, karibu na sifuri kwa mafuta mengi mepesi. Kinachozuia ni entropi ya maji. Maji yakilizunguka tone la mafuta yanalazimika kujipanga pembeni yake kwa sababu mafuta hayana pa kushikana nao. Mafuta yakijikusanya, eneo la mguso linapungua na maji yanapata uhuru. Kwahiyo mafuta yanajikusanya ili entropi ya jumla IPANDE. Sabuni nayo mikia yake inajificha ndani kwa sababu hiyohiyo, vichwa vyenye chaji vinabaki kwenye maji.

Kipanga99 #36
Mkusanyiko unaoonekana kwa macho, halafu entropi imepanda. Sawa. Ila ukipasha maji joto karibu na kutokota mbona hadithi inabadilika, entropi hiyo inapungua na enthalpi ndio inashika usukani, nimelisoma hilo mahali. Kwahiyo kwa sufuria ya Mama Sabuni, ambayo iko motoni, mimi bado nina haki.

Kemia Advansi #37
Kwa sufuria ya motoni una hoja. Ila yeye anachanganya kostiki na mafuta ikishapoa, si ndio dada?

Mama Sabuni #38
Inategemea sabuni. Ya mche naipika, ya kuogea naisubiri ipoe.